Mpima Maji Aliyeikimbia Mvua Miaka Kumi na Moja

Jambo la kwanza analoomba liandikwe, kabla ya umri wake na kabla ya kazi yake, ni kwamba siku ile pale darajani mjinga alikuwa yeye.

"Andika hivyo hivyo," anasema. "Usiandike 'alipitiwa'. Kupitiwa ni dakika moja. Mimi nilipitiwa miaka kumi na moja."

Ni saa kumi na mbili kasorobo asubuhi na mvua inapiga tangu usiku. Watu wenye akili zao wako ndani. Yeye yuko katikati ya kijito, maji yamempita magoti, gambuti zimejaa, koti la mvua limechanika kwapani, na mkononi ameshika chupa ya plastiki yenye ukubwa wa kopo la maziwa. Anaiangalia kwa uso wa mtu anayemlisha mgonjwa.

Anasimama ameelekea juu, kule maji yanakotoka, ili matope anayoyatibua kwa miguu yaende nyuma yake. Anaisuuza chupa mara tatu kwa maji ya kijito chenyewe. Mara ya nne anaizamisha mdomo ukiwa chini, anaigeuza huko huko ndani, inajaa pomoni, anaifunga. Kisha anaandika ubavuni kwa penseli, kwa kuwa wino na mvua havina urafiki: kituo cha saba, saa, tarehe, na neno moja ambalo kwa miaka mingi hakuwahi kuliandika kwenye chupa. Mvua.

Watu wa bonde hili wanamwita Bwana Chupa. Ana miaka hamsini na sita, ni mpima maji wa ofisi ya maji, na amebakiza minne astaafu. Kazi yake ni kuzungukia vituo kumi na viwili kwenye vijito vinavyoteremka kutoka mashamba ya mlimani hadi ziwani, kuchota maji, kuyapanga kwenye boksi la barafu na kuyafikisha maabara kabla jua halijawa kali. Mzunguko wote ni kilomita sitini na nne, kwa pikipiki ambayo, kwa maneno yake, "ina breki Jumatatu na Alhamisi."

Msimu huu chupa zake ni nzito kuliko wakati wowote. Ofisi ilitoa amri ya kuzihamisha kaya thelathini na saba zinazoishi ukingoni mwa ziwa, na amri hiyo imesimamishwa mpaka mvua hizi ziishe. Chupa zikithibitisha alichokiona yeye, kaya zitabaki. Zikisema vingine, zitaondoka. Mojawapo ya kaya hizo ni ya dada yake mkubwa, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita.

Na amri ile iliandikwa kwa kutumia namba zake.

Ziwa lilianza kubadilika polepole, kama mtu anayeugua bila kulalamika. Kwanza ulionekana utando wa kijani pembezoni. Ikafuata harufu. Halafu samaki wakawa wanaelea juu, midomo wazi. Mwaka jana mtambo wa maji wa mji ulifungwa siku kumi na tisa. Watu walipanga foleni na ndoo tangu asubuhi, na hospitali ikaahirisha upasuaji wote usio wa dharura.

Jina la ugonjwa lilijulikana: naitrojeni. Ndiyo inayokuza mahindi, na imo kwenye mbolea ya chumvichumvi, kwenye samadi na vyooni. Ikimiminika ziwani kwa wingi, mwani, ule utando wa kijani, nao unanenepa kama mahindi. Mwani ukifa unaoza, na ukioza unamaliza hewa iliyomo majini. Swali lililobaki lilikuwa inatoka wapi. Mashambani mlimani, au kwa watu wa ukingoni?

Ofisi ikafungua mafaili, na mafaili ya vijito yalikuwa safi. Kila Jumanne, vituo kumi na viwili, miaka kumi na moja, mwandiko wa kupendeza, hakuna ukurasa uliokunjika. Naitreti, yaani naitrojeni iliyoyeyuka majini, karibu kila mara ilikuwa chini ya miligramu moja kwa lita. Kwa unadhifu wa daftari hizo Bwana Chupa alikuwa amepewa cheti, akakitundika sebuleni juu ya televisheni.

"Nilivimba kichwa," anakiri. "Mke wangu alisema hata kukohoa nilikuwa nakohoa kama mkurugenzi."

Kama vijito ni safi, basi mchafuzi ni wa ukingoni. Hesabu ilionekana rahisi. Ukingoni kuna vyoo vya shimo, kuna wanaofuga bata, na zaidi ya yote kuna madobi. Povu la sabuni halijifichi. Linaelea, linang'aa, mtu anaweza kulipiga picha akiwa garini. Mbolea iliyoyeyuka haina sura.

Dada yake ni dobi. Ana miaka sitini na mitano, na arobaini na mitatu kati ya hiyo ameipitisha akifua shuka za nyumba za wageni na za zahanati, juu ya sakafu ya saruji iliyo hatua chache kutoka majini. Ncha za vidole vyake zimelainika mpaka simu ya mguso haimtambui. Akitaka kupiga, anabonyeza kwa kiungo cha kidole. Kwa kazi hiyo alimlipia mdogo wake karo mpaka akamaliza sekondari.

Tangazo la kuhama lilibandikwa kwenye ukuta wa chumba chake cha kupigia pasi. Aya ya pili ilisema uamuzi umefikiwa "kwa mujibu wa takwimu za vijito za miaka kumi na moja." Dobi hakupiga simu. Alilibandua tangazo, akalipiga pasi likanyooka, akalipeleka kwa mdogo wake kwa miguu na kuliweka mezani mbele yake, juu ya sahani yake ya chakula.

"Mdogo wangu," alimwambia, "nilikufulia sare za shule ili ujifunze kuandika. Haya, nimekuja kusoma ulichoandika."

Bwana Chupa alijitetea kama mfanyakazi wa ofisi. Namba ni namba, alisema, yeye hazitungi, anazichota tu. Dada yake akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza jambo alilokuwa amemweleza miaka ya nyuma akiwa anacheka naye, na ambalo siku hiyo alilisema bila kucheka.

Kila mwaka, siku ya nane au ya tisa baada ya mvua kubwa ya kwanza ya kupandia, shuka nyeupe zinatoka majini zikiwa na ukijani kwenye pindo. Kabla ya mvua hiyo, hakuna. Sabuni yake ni ile ile mwaka mzima. Vyoo ni vile vile, na watu ni wale wale, hawaji na kuondoka kwa msimu. Sasa huo ukijani, aliuliza, kama ni wetu, unasubiri mvua kwa nini?

Mdogo mtu akacheka. Akamwambia shuka si kifaa cha kupimia.

"Jumanne nitapanda pikipiki yako," dobi akasema. "Na mimi nikakione hicho kifaa."

Jumanne hiyo iliangukia wiki ya kupanda. Mlimani wakulima walikuwa wamemwaga mbolea siku moja kabla, na punje nyeupe zilionekana kwenye matuta hadi ukingoni kabisa mwa kijito, pale ambapo zamani palikuwa na matete. Walikuwa wamefika kituo cha saba, penye daraja la mbao, mvua ilipowakuta.

Fomu ya ofisi ina sanduku dogo la kutia alama: "Mvua. Imeahirishwa." Sababu zake zinaeleweka. Barabara za udongo zinateleza, na maji yaliyotibuka yanasumbua mashine ya maabara. Aliyemfundisha kazi alimwambia hivyo, na aliyemfundisha huyo naye aliambiwa hivyo.

Kaka na dada wakajibanza chini ya kipaa cha kibanda kilichofungwa. Mvua ilipopungua, kijito kilikuwa kimevimba na kupata rangi ya chai ya maziwa. Bwana Chupa akateremka, akasuuza chupa mara tatu, akachota, akainyanyua usawa wa macho, akatikisa kichwa. Akamwaga.

Dada yake akamuuliza mbona anamwaga. Akajibu kwamba maji yamechafuka, yatamharibia kipimo, wasubiri yatulie.

Dobi alijifuta matone ya mvua puani.

"Kwa hiyo wewe umeajiriwa kutafuta uchafu," alisema taratibu, "na ukiuona unausubiri uondoke?"

"Nilitaka kucheka," anakumbuka. "Nikaitazama ile chupa tupu."

Jioni ile alizishusha daftari zake zote kutoka kabatini na kuhesabu. Neno "imeahirishwa" lilikuwemo mara mia moja arobaini na mbili. Kila Jumanne ambayo mbolea ingeweza kuteremka, yeye hakuwepo. Kila Jumanne aliyokuwepo, kijito kilikuwa kimeshajisafisha.

"Ni kama mlinzi anayeingia ndani wezi wakija, halafu asubuhi anaandika kitabuni: usiku umepita salama," anasema. "Tena kwa mwandiko mzuri."

Lakini kabla hawajaondoka darajani alikuwa ameteremka tena na kuchota chupa ya pili. Kesho yake alipigiwa simu na mama wa maabara, mwanamke mkavu wa maneno ambaye amepima maji ya bonde hili tangu mashine zikiwa za kuzungusha kwa mkono. Alitaka kujua kama chupa ya kituo cha saba ilisuuzwa ndani ya gunia la mbolea. Kipimo kiligota mwisho. Ilibidi aizimue sampuli kwa maji safi ndipo mashine ikakubali kuisoma. Naitreti: miligramu kumi na saba. Wiki mbili nyuma, kituo hicho hicho kilikuwa na sifuri nukta nane.

Bwana Chupa akamwomba mama huyo asimwambie mtu bado. Akarudi kwenye mvua ya pili: kumi na tano. Mvua ya tatu: kumi na tisa.

Siku ya mvua ya tatu alifanya kitu ambacho fomu haikumwagiza. Chini kidogo ya kituo cha saba kijito kinapita kwenye kinamasi cha matete, kipande ambacho hakijalimwa kwa sababu tu wenyewe wanagombania mpaka. Alichota maji yanapoingia kwenye kinamasi, akatembea dakika kumi kando kando, akachota tena yanapotoka. Yaliingia na kumi na tisa. Yalitoka na sita.

Mama wa maabara alimweleza kwa nini bila kuinua macho kwenye mashine yake. Mizizi ya matete inakunywa sehemu ya naitrojeni. Nyingine inaliwa na vijidudu vya kwenye tope linalokaa na maji siku zote, vinaigeuza kuwa hewa, inapaa zake.

"Yanafanya kazi mchana na usiku," alisema, "na hayajawahi kuja hapa kudai posho."

Hapo Bwana Chupa alikuwa na jibu mkononi, na jibu lilikuwa na ncha mbili. Lingeweza kuziokoa kaya thelathini na saba. Lingeweza pia kumwondoa yeye kazini, kwa kuwa ili mtu aamini kwamba mvua tatu zina ukweli, sharti kwanza aambiwe kwamba miaka kumi na moja haikuwa nao.

Bosi wake hakumtisha. Alimfungia mlango, akamkalisha, akamwambia kama mtu na nduguye kwamba akisimama kuyasema hayo atakuwa amejimwagia unga mwenyewe. Bado miaka minne. Astaafu kwanza, avute kiinua mgongo chake, halafu aseme anachotaka.

"Nilimuuliza, miaka minne dada yangu atakuwa anafulia wapi," anasema.

Alikaa na jambo hilo siku tatu. Siku ya nne aliandika barua ya kurasa mbili, akaipeleka mwenyewe na kusubiri igongwe muhuri. Tangu hapo posho yake ya safari imesimamishwa "mpaka uchunguzi ukamilike." Mafuta ya pikipiki yanatoka mfukoni mwake na yanakula karibu robo ya mshahara. Cheti kile amekishusha ukutani. Anasema hakukichana, amekiweka ndani ya daftari la mwaka wa kwanza, mahali pake.

Mlimani habari hizi hazikupokewa kwa vigelegele. Mama mmoja anayelima ekari moja na nusu jirani na kituo cha saba anasema mwanzoni alimfukuza Bwana Chupa kwa jembe, naye Bwana Chupa anathibitisha kwamba lilikuwa jembe kubwa. Mama huyo hakuwa na nia mbaya na ziwa. Alifanya alivyoambiwa.

"Dukani walituambia weka mbolea kabla ya mvua, mvua itaiyeyusha," anasema. "Iliiyeyusha kweli. Ikaondoka nayo."

Kilichomgeuza ni chupa mbili zilizowekwa juu ya meza yake, ya juu ya shamba lake na ya chini yake, pamoja na karatasi ya maabara. Aliona kwamba kilichokuwa kinakwenda ziwani ni magunia yake mwenyewe. Msimu huu ameigawa mbolea mafungu mawili: kidogo wakati wa kupanda, iliyobaki mahindi yanapofika magotini, na kila shimo analifukia. Mawingu yakijikusanya anaacha. Na ameacha hatua kumi kutoka kijitoni bila kulima, matete na majani yameanza kurudi, anakatia ng'ombe wake mmoja.

Ila hataki apambwe. Hatua kumi kwenye ekari moja na nusu, anasema, ni magunia mawili ya mahindi. Mwenye shamba la kuzunguka kwa gari hatazihisi. Yeye anazihisi kila akipita. Kati ya mashamba hamsini na manane yanayopakana na kijito, ni kumi na moja tu yaliyokubali mpaka sasa, na tisa kati ya hayo ni madogo.

Bwana Chupa anayajua yote hayo na habishani nayo. Anachotaka ni kwamba fomu ya ofisi ifutwe lile sanduku dogo, na vituo vyote kumi na viwili vipimwe kila mvua kubwa, si kila Jumanne. Anataka kabla hajastaafu kila kituo kiwe na matete yake, na wakulima wadogo wapewe fidia ya hatua zao kumi. Haoti kuliona ziwa likirudi kuwa buluu.

"Udongo ule umelishwa mbolea miaka mingi, na miaka mingi utaendelea kuitema," anasema, akikung'uta maji kwenye gambuti moja huku amesimama kwa mguu mmoja. "Nitaondoka lingali kijani. Nataka niache namba ambazo mtu akizifuata hatamvunjia mwenzake nyumba."

Kama kuna siku aliyoogopa kuliko ile ya darajani, ni ya mkutano uliofanyika mwezi uliopita kwenye ukumbi wa shule, ule uliosimamisha amri. Wakulima walikaa kushoto, watu wa ukingoni kulia, maofisa mbele na chupa za maji ya dukani. Alisimama, akaeleza alivyofanya kazi, akaeleza alipokosea, akataja mia moja arobaini na mbili bila kupunguza hata moja. Kuna waliocheka. Akasubiri wamalize, akasoma namba za mvua tatu na za kinamasi.

Msemaji wa wakulima wakubwa, mwanamume wa sauti ya kutosha kumbi mbili, alisimama polepole. Hoja zake hazikuwa za kipuuzi. Alisema mtu huyu kwa kinywa chake amekiri kukosea miaka kumi na moja. Leo kwa mvua tatu anataka watu waache ardhi yao. Nani anajua kama hajakosea tena? Tena ana dada ukingoni, na dada huyo yumo humu humu ukumbini.

Bwana Chupa akajibu kwamba ni kweli, ana dada ukingoni. Akasema hakuna anayelazimika kumwamini. Mvua ijayo na waje wao wenyewe na chupa zao, wachote pamoja naye, wapeleke maabara wanayoitaka.

Msemaji hakuridhika. Alitaka mpima maji aape pale pale, mbele ya watu wote, kwamba safari hii hadanganyi. Mwenyekiti akaanza kupangapanga karatasi zake kama mtu anayetafuta njia ya kutokea.

Upande wa kulia, benchi la nyuma, dobi alisimama. Hakuinua mkono kuomba nafasi, wala hakupandisha sauti.

"Bwana mkubwa," alisema, "alipokosea kwa faida yenu, mlimwamini bila swali. Leo anasema kweli kwa hasara yake, ndiyo mnataka aape?"